Kutoka Uchawi hadi Tiba Asili: Maneno ya Sheria na Usajili wa Dawa za Mimea Tanzania na Uganda

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya usimamizi wa dawa za mimea nchini Tanzania na Uganda, tangu enzi ya ukoloni hadi miaka ya janga la UVIKO-19, kwa kuyatazama maneno ambayo sheria na ofisi za serikali zilitumia kumtaja mganga na dawa yake. Hoja yake ni kwamba sheria ilianza kwa kumuuliza mtu yeye ni nani, ikachelewa mno kuuliza mmea una nini. Na hata ilipofika kwenye mmea, ilidai majibu kwa lugha na vipimo ambavyo mwenye dawa hakuwa navyo. Data imetokana na matini za sheria, matangazo ya serikali, na lebo za dawa zinazouzwa mpakani.

1.0 Utangulizi

Mutukula ni mji wa mpakani ambako mtu hutoka Tanzania akaingia Uganda kwa hatua chache tu. Hapo nilinunua chupa ya unga wa majani ya mwarobaini. Lebo yake ilichapishwa kwa Kiswahili. Chini ya jina la dawa palikuwa na orodha ya maradhi, na kabla ya orodha hiyo neno *hutibu* lilikuwa limekatwa kwa kalamu, na juu yake pameandikwa kwa mkono *husaidia*. Nilimuuliza mama muuzaji sababu ya masahihisho hayo. "Mwanangu," alinijibu, "hilo la kwanza lina kesi, hili la pili halina." Dawa iliyomo ndani ya chupa haikuwa imebadilika hata chembe.

Jina la dawa yenyewe halikukatwa, ingawa lingestahili kukatwa kabla ya kitenzi kile. Mwarobaini ni mti wa arobaini: jina linadai kwamba unaponya maradhi arobaini. Hakuna ofisi ya kusajili dawa itakayokubali dai la namna hiyo katika fomu, lakini fomu zote hulipokea kama jina la kawaida la mmea. Lipo na jambo la pili. Mti huu hauna asili ya Afrika. Ni mti wa Bara Hindi ulioletwa kwetu na watu. Hata hivyo, ukimtaka Mswahili yeyote akutajie dawa ya asili, mwarobaini hautachelewa kutajwa. Basi neno *asili* katika *dawa asili* halielezi mmea umeanzia wapi. Linaeleza kitu kingine, na kitu hicho kina historia ambayo makala hii inakusudia kuisimulia.

2.0 Mganga Alivyopewa Kivumishi

Shina *-ganga* limeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Katika Kiswahili kitenzi *ganga* hubeba maana ya kutibu na pia ya kukitengeneza kilichovunjika au kulegea, na ndiyo maana wahenga hutuambia kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mganga, kwa hiyo, alikuwa mtu wa kuunga na kuponya, na hakuhitaji neno la ziada kumfafanua. Dawa nayo, iliyotoka katika Kiarabu, ilikuwa na eneo pana. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inajumuisha hirizi na talasimu chini ya neno hilo, na hadi leo tuna dawa ya viatu, dawa ya meno na dawa ya mbu. (Mjadala wa *dawa za kulevya* na *madawa ya kulevya* nawaachia wahariri wa magazeti, ambao hawajaumaliza.)

Utawala wa kikoloni ulipojenga hospitali, neno *mganga* halikuachwa kwa wenyewe. Lilichukuliwa na serikali likapewa cheo. Leo Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, waganga wakuu wa mikoa na wilaya, na waganga wafawidhi wa vituo vya afya, wote wakiwa wataalamu waliosomea vyuoni. Majirani nao wamepita njia iyo hiyo. Katika Kinyarwanda na Kirundi, *umuganga* ni daktari wa hospitali. Katika Kiswahili cha Lubumbashi na Goma, *munganga* ni huyohuyo, na Kilingala kinasema *monganga*. Mwenye neno alijikuta amebaki bila neno. Ikabidi atafutiwe kivumishi cha kumtofautisha na aliyelichukua jina lake, naye akawa *mganga wa kienyeji*. (Wanasarufi wataniwia radhi kwa kuviita vivumishi hata virai vya a-unganifu.)

Kivumishi hicho kimebadilishwa mara kwa mara. *Kienyeji* kilikuwa na harufu ya ukoloni, ya mwenyeji asiye raia kamili. Baada ya uhuru kikaanza kupishana na *wa jadi*, na hatimaye katika nyaraka rasmi kikashindwa na *asili*. Luganda kilichukua njia tofauti kidogo: *omusawo* ni jina la tabibu yeyote, na yule wa mitishamba huongezewa *w'ekinnansi*, yaani wa mambo ya nchi. Kinyarwanda kina *umuvuzi gakondo*. Kote huku daktari wa hospitali hutajwa kwa neno moja tupu, na mwenye mitishamba hutajwa kwa neno lenye mkia. Usajili wowote uliokuja baadaye ulianzia kwenye mkia huo.

3.0 Sheria Iliyomwona Mtu Isiuone Mmea

Dola ya kikoloni haikuanza kwa kuzisajili dawa. Ilianza kwa kuziogopa. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliunganisha watu wa kusini mwa Tanganyika kwa dawa, na Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe katika wiki za mwanzo za vita hivyo. Kuanzia hapo, mtu aliyekuwa na chungu cha dawa na watu wanaomsikiliza hakuweza kuonekana na serikali kama tabibu tu.

Waingereza walileta sheria ya uchawi Tanganyika mwaka 1922, wakaiandika upya mwaka 1928. Kenya walipata yao mwaka 1925. Katika sheria ya Tanganyika, uchawi ulifafanuliwa kwa upana mkubwa: ulijumuisha hata kudai kuwa na nguvu au elimu iliyofichika. Hapa ndipo tofauti ya lugha ilipomgharimu mtu. Kiswahili kinatenga kwa ukali *uganga* na *uchawi*. Mganga huponya, mchawi hudhuru. Mmoja huitwa mchana, mwingine hutuhumiwa usiku. Kiingereza cha watawala kilikuwa na neno moja lililomfunga mchawi na tabibu katika mtu mmoja, na ofisa aliyelizoea neno hilo hakuona sababu ya kuwatenga. Elimu iliyofichika ndiyo mtaji wa mganga. Mzizi haufunuliwi kwa kila mpita njia. Hurithishwa kwa mtoto au mwanafunzi aliyechaguliwa. Kwa mantiki ya sheria, siri ya ufundi ilikuwa karibu sana na kosa la jinai.

Ni kweli kwamba mlango mdogo uliachwa wazi. Sheria za kusajili madaktari zilimvumilia anayetibu kwa njia za kwao, mradi jamii yake inamtambua. Lakini uvumilivu si usajili. Mganga wa Usambaa alivumiliwa Usambaa; akihamia mjini akatibu wasiomjua, hakuwa na sheria ya kumkinga.

Uganda inastahili kutajwa hapa kwa heshima kidogo. Sheria yake ya uchawi ya mwaka 1957 ilisema wazi kwamba uchawi haujumuishi ibada ya mizimu ifanywayo kwa nia njema, wala utengenezaji, ugavi au uuzaji wa dawa za wenyeji kwa nia njema. Nijuavyo mimi, ni nadra kuukuta mmea ukitajwa kwa upole kiasi hicho katika sheria ya uchawi. Hata hivyo mpaka uliochorwa ulikuwa wa nia, wala haukuwa wa dawa. Nani angeipima nia njema? Miongo minne baadaye Salvatori Abuki, aliyehukumiwa kwa uchawi na kuamriwa akae mbali na kwao kwa miaka 10, alifika Mahakama ya Katiba. Mwaka 1997 mahakama hiyo iliona kwamba maelezo ya kosa katika sheria hayakuwa bayana, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba amri ya kumfukuza mtu nyumbani kwake ilikiuka Katiba. Ni kesi ambayo wanafunzi wa isimu ya sheria wangepaswa kuisoma pamoja na wanafunzi wa sheria, kwa kuwa uhuru wa mtu ulitegemea fasili ya neno.

4.0 Kutoka Afisa Utamaduni hadi Mkemia Mkuu

Baada ya uhuru, mmea ulianza kuonekana maabarani. Uganda ilianzisha maabara ya utafiti wa dawa za mimea chini ya Wizara ya Afya mwaka 1964. Tanzania ilifuata mwaka 1974 kwa kitengo cha utafiti wa tiba asili pale Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa kuwa taasisi. Watafiti walizunguka wilayani, wakaongea na waganga, wakakausha majani katikati ya magazeti, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 orodha ndefu za mimea tiba ya Tanzania zikachapishwa kwa majina ya Kilatini. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilikuwa limeyataka mataifa yawatumie pia waganga wa jadi, pale wanapohitajika, katika huduma za msingi za afya, na kazi hiyo ilipata baraka za dunia.

Lakini tuangalie upande wa pili wa meza. Wakati mmea ulikuwa umeshafika chuo kikuu, aliyeuleta alikuwa bado yuko ofisi ya utamaduni. Kwa miaka mingi nchini Tanzania kibali cha uganga kilikuwa mikononi mwa maafisa utamaduni wa wilaya, maafisa haohao walioshughulikia vikundi vya ngoma. Sidhani kwamba kulikuwa na dharau ya makusudi. Uganga ulihesabiwa kuwa urithi, na urithi ulikuwa na wizara yake. Matokeo, hata hivyo, yalikuwa mgawanyo wa ajabu: jani lilikuwa sayansi, mkono uliolichuma ulikuwa utamaduni.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, ilikusudia kuuziba ufa huo. Iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya wizara yenye dhamana ya afya, likapewa kazi ya kusajili waganga, vituo vyao na dawa zao. Uganda ilichukua muda mrefu zaidi. Mamlaka yake ya dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993 na ikawa inazipokea dawa za mitishamba zilizofungashwa, ilhali sheria inayowahusu watabibu wenyewe ilipatikana mwaka 2019. Tena tunauona mgawanyo uleule: chupa ilisajiliwa robo karne kabla ya mtu.

Usajili wa dawa nchini Tanzania hupitia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake huchunguza kama dawa ni salama kabla Baraza halijaitambua. Hatua hii siipingi hata kidogo. Mti unaoponya tumbo unaweza kuua ini, na mgonjwa hana njia ya kulijua hilo kwa kuonja. Ugumu uko mahali pengine, kwenye maswali. Mwombaji huulizwa jina la kisayansi, sehemu ya mmea, kiasi, namna ya kuhifadhi na tarehe ya kuisha. Mganga hupima kwa konzi na ukufi, na konzi yake si konzi ya mwanawe. Dawa yake huisha siku inapochacha, na mgonjwa huambiwa aimwage. Wapo wanaochuma magome ya upande wa mashariki tu. Fomu haina mahali pa kuandika upande. Wanaoshindwa kutafsiri mambo haya humwendea kijana mwenye kompyuta, na mara nyingi kinachofika ofisini ni maneno ya kijana huyo, yenye usahihi ambao mwenye dawa hakuwahi kuudai.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2004 kwa kanda ya Afrika, liliutambua ugumu huu. Liligawa dawa za asili katika makundi 4, la kwanza likiwa dawa ambayo mganga humwandalia mgonjwa wake mmoja mmoja, isiyotarajiwa kupita njia ya dawa za kuuzwa madukani. Ni busara. Ila dawa nyingi zinazotumika vijijini zimo katika kundi hilo, na kwa hiyo sehemu kubwa ya jambo zima imebaki mahali ilipokuwa mwaka 1928: mikononi mwa mtu, na katika imani ya wanaomjua.

5.0 Leseni Zilizofutwa kwa Neno Moja

Mtu anayedhani kwamba tofauti za maneno ni anasa ya wanaisimu na aukumbuke Januari 2009. Kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi wote. Mauaji yale yalikuwa unyama, na waliochochea biashara ya viungo vya binadamu kwa kupiga ramli walistahili mkono wa sheria. Lakini tangazo halikusema *wapiga ramli*. Lilisema *waganga wa jadi*, na ndani ya neno hilo alikuwamo mkunga, muunga mifupa, na mzee anayechemsha mizizi ya kutibu tumbo la watoto. Miaka 7 baada ya Bunge kutunga sheria ya kuwasajili, wote walirudishwa chini ya kivuli kimoja kwa sababu walishiriki jina moja.

Mwaka 2015 serikali ilijifunza kitu. Marufuku ya Januari mwaka ule iliwalenga wapiga ramli, na kufikia Machi polisi walikuwa wamekamata zaidi ya watu 200. Katika kauli za maofisa limekuja kushamiri neno la kupendeza kiisimu, *ramli chonganishi*. Kivumishi hiki hakimuulizi mtu imani yake. Kinauliza ramli yake imeleta nini baina ya majirani. Kwa mtazamo wangu hii ni hatua kubwa kuliko ilivyotambuliwa, maana kwa mara ya kwanza lugha ya dola imetenga, kwa Kiswahili chake yenyewe, tendo lenye madhara na kazi nzima ya uganga. Kwamba polisi wa kituo cha kijijini huizingatia tofauti hiyo kila mara, ni suala jingine.

6.0 Kikombe cha Samunge

Baina ya miaka hiyo miwili kulitokea jambo lililozishinda sheria zote. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alikuwa akigawa dawa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500 kikombe kimoja. Watu walimiminika kutoka Tanzania nzima, Kenya na kwingineko, na foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi. Mmea wake aliuita mugariga. Wamaasai huuita olamuriaki, Wakikuyu mukawa, Waswahili mtandamboo, na wanabotania *Carissa*. Wataalamu walikwenda, wakachukua sampuli, wakatangaza kwamba kikombe hakikuwa na sumu kwa kipimo alichokitoa.

Hapo ndipo usajili ulipogonga ukuta. Mmea ulikuwa unajulikana na kumea katika nchi zote za jirani. Mtu yeyote angeweza kuuchimba na kuuchemsha. Lakini Babu, kama alivyoitwa na wote, alishikilia kwamba dawa hufanya kazi kwa kuwa Mungu amemwagiza aitoe yeye, hapo Samunge, kikombe kimoja na si zaidi. Dawa ilikuwa mmea, mkono, mahali na neno kwa pamoja. Maabara iliweza kupima kimoja kati ya hivyo vinne, ikapima, ikatoa jibu sahihi kwa swali ambalo wagonjwa hawakuwa wameliuliza. Wao waliuliza kama wamepona. Baadhi yao waliacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI baada ya kunywa, na wapo waliokufa. Sauti ya serikali iliyosema kikombe ni *salama* ilisikika masikioni mwa wengi kama imesema *kinaponya*. Natamani siku zile pangekuwapo mtu wa lugha katika meza ya kuandika taarifa ile.

7.0 Hutibu, Husaidia

Janga la UVIKO-19 liliyarudisha haya yote kwa haraka. Aprili 2020 Rais Andry Rajoelina wa Madagaska alizindua kinywaji kilichotengenezwa kwa artemisia, mmea wa jamii ya pakanga, na mwezi uliofuata ndege ya serikali ya Tanzania ikaenda kukichukua. Nyumbani, *kupiga nyungu* kuliingia katika hotuba za viongozi. Uganda ilikuwa na mtihani mgumu zaidi katikati ya 2021, pale Covidex, dawa ya mitishamba iliyobuniwa na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara, ilipogombewa madukani kabla haijaidhinishwa. Mamlaka ya dawa iliwatahadharisha watu kwanza. Kisha, mwishoni mwa Juni, ikairuhusu kama dawa ya kusaidia katika matibabu ya maambukizi ya virusi, na ikasisitiza kwamba si tiba ya UVIKO-19, ingawa jina la dawa liliendelea kusema jambo jingine kila iliposomwa.

Chupa ya Mutukula na chupa ya Kampala zimekutana katika kitenzi kimoja. *Husaidia* ni neno la maridhiano: ofisi haidanganywi, mgonjwa hakatishwi tamaa, muuzaji hafungwi. Ni neno lisilopimika pia. Chai ya tangawizi husaidia, usingizi husaidia. Dawa iliyo na nguvu ya kweli na unga usio na lolote zitasimama rafu moja chini ya kitenzi hicho, na mnunuzi hatakuwa na namna ya kuzitofautisha. Mzigo huo ndio utakaowaelemea wafasiri wa sheria. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na sheria ya tiba asili ni miongoni mwa zile zitakazohitaji istilahi thabiti za dai la tiba: *huponya*, *hutibu*, *hutuliza*, *husaidia*, *hukinga*. Vitenzi hivi vitano havina uzito mmoja kwa msemaji wa kawaida, na hadi sasa sijaiona kanuni inayoeleza kila kimoja kinadai ushahidi kiasi gani. Kazi hiyo si ya wanasheria na wafamasia peke yao.

Kabla sijaondoka Mutukula nilimuuliza yule mama wateja wake huitaka dawa kwa jina gani, nikitarajia anisomee lebo. Alicheka. "Nani anasoma hayo? Wanasema tu, mama, nipimie ya arobaini."